Wageni wa 9,363,584

6 Februari

Kaka, shikamoo.

Natumai barua hii imekukuta mzima, wewe na wifi na binti yenu. Sisi huku hatujambo. Baba kile kikohozi kimemwacha, anakula kuliko mimi, na jana kanikemea kwa sababu chai ilikuwa vuguvugu, kwa hiyo ujue nguvu anazo. Cherehani yangu ya zamani imekufa kabisa. Nimenunua nyingine kwa mtu aliyekuwa anahama, na sare za shule za muhula huu zimejaa mpaka chumbani kwa Baba. Anakaa kitini kwake kazungukwa na sketi za kijani, na wateja wakiingia anawauliza wamefika darasa la ngapi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mtandao wako huwa mbaya pale tu ninapofika kwenye jambo lenyewe. Barua haikati.

Jambo la kwanza ni hili. Kila asubuhi ninapomnyoa Baba ndevu anataja namba yako. Jina langu linampotea. Ananiita kwa jina la Mama, na siku nyingine kwa jina la yule mwalimu mwenzake wa sayansi, mwanamume mwenye kipara, lakini 73,939,133 haimpotei. Anaitaja, kisha anaikata mkia: 7,393,913. Anakata tena: 739,391. Anakwenda hivyo hivyo mpaka inabaki 7 peke yake, na kila anapokata, kinachobaki ni namba isiyopokea mgeni, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, ile ambayo shuleni wanaiita namba tasa. Akifika kwenye saba ananiangalia kwa furaha, na mimi nimeshika wembe. Namba yangu hajaitaja hata siku moja.

Jambo la pili. Mwanangu katoka jino la kwanza, limebaki ndani ya mkate. Unaijua mila ya nyumba hii, ila umbali husahaulisha, acha nikukumbushe: jino la kwanza likitoka, Baba anampa mtoto namba yake ya maisha, na sentensi moja ya kuifanyia kazi. Wewe ulipewa "ikate mkia." Mimi nilipewa "hesabu wageni wake," yaani namba zote zinazoingia ndani yake bila kubakiza kitu. Basi nimemwonyesha Baba lile jino. Alilishika, akalipindua, macho yakamtulia, akaomba penseli. Ameanza kutafuta.

Nakuarifu tu, usije ukasema hukuambiwa.

Mdogo wako,
Kiwembe


27 Februari

Kiwembe, marahaba.

Nimefurahi kusikia kikohozi kimepona. Huku tuko salama. Wifi yako amebadilishiwa zamu, sasa tunaonana mlangoni, yeye anatoka mimi naingia. Mimi na lifti zangu tunaendelea. Wiki iliyopita nilikaa kwenye chumba cha mashine juu ya jengo la ghorofa kumi na nane tangu asubuhi mpaka jioni kwa sababu ya waya mmoja, na chini watu wananitukana kwa zamu. Goti linanisumbua. Mpe shemeji salamu akirudi safari.

Hongera kwa jino. Sasa nisikilize kwa upole, maana nakujua. Binti yangu naye katoka jino, na lake lilitoka Januari. Sikuandika kwa sababu ya kazi. Unajua Baba hatafuti namba mbili kwa mpigo, na kila namba inamla wiki nyingi hata enzi zile akiwa na akili zake zote. Kwa hiyo naomba aanze na ya binti yangu, kwa sababu jino lake ndilo lililotangulia, kisha aendelee na ya mwanao. Si upendeleo, ni foleni tu.

Msomee barua hii Baba mwenyewe. Msomee yote.

Kuhusu kuja, tutaangalia likizo.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na vifungo. Mwalimu mkuu mmoja aliagiza mashati mia mbili, kisha akakumbuka kwamba anataka vifungo vya rangi nyingine. Baba hajambo. Shemeji yako alirudi, akalala siku mbili, akaondoka tena. Mwanangu anapiga mluzi kwa lile pengo na anatuumiza masikio.

Barua yako sijamsomea. Nasubiri siku nzuri.

Na kuhusu jino la Januari, Kaka, uliniandikia tarehe ishirini na tisa Januari. Barua ninayo, nimeitoa nikaisoma tena. Kuna goti, kuna lifti, kuna kodi ya nyumba iliyopanda, na kuna mafua ya wifi. Jino halimo. Mtoto anatoka jino la kwanza maishani na baba yake anaandika habari za goti. Haya, labda lilitoka tarehe thelathini.

Nitakwambia ninachokifikiria na unikasirikie ukitaka. Umezoea. Tangu utoto kitu kizuri kikitokea nyumbani kilikuwa chako kabla hakijaguswa na mtu. Wewe ulipewa namba isiyogawanyika, hata uikate vipi haigawanyiki, na hakuna nyingine ndefu kuliko hiyo yenye tabia hiyo. Baba aliitangaza mezani mbele ya majirani. Miaka mitatu baadaye likatoka jino langu, nikakaa na kiu ya kupewa ngumu kama yako. Nikapewa 73,513,440. Inaishia na sifuri. Inaanza na sabini na tatu kama yako, nikadhani ni pacha wake, kumbe wapi. Ina wageni 768. Baba akaniambia kwa furaha kabisa kwamba chini yake hakuna namba hata moja yenye wageni wengi hivyo. Mgeni njoo mwenyeji apone, akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Nilielewa kwamba mtoto wa kiume kapewa ile ambayo haiguswi, na mimi nimepewa ile ambayo kila anayepita anajikatia kipande. Na imekuwa hivyo au haikuwa? Mama alipougua, nani alilala naye hospitali? Baba alipoanza kupotea njia ya sokoni, nani alifunga duka kumtafuta? Asubuhi ni yake, mchana ni wa wateja, jioni ni ya mtoto, na kinachobaki ni cha shemeji yako siku akikumbuka nyumba ilipo. Wewe uko juu ghorofa ya kumi na nane, mzima, hakuna aliyekupunguza hata tarakimu.

Sasa unataka na hii. Mwanangu anakaa miguuni pa Baba kila siku anamchongea penseli, na wewe unataka apishe.

Ninakuheshimu, lakini hapana.

Kiwembe


20 Aprili

Mdogo wangu,

Wote wazima. Tarehe ya jino tuiache.

Umesema yako, na mimi nina yangu ambayo sijawahi kuisema. Namba yangu iliisha jioni moja. Baba aliandika tarakimu nane kwa chaki sakafuni, akakata, akakata, tukafika saba, akaniambia nenda kacheze. Nilirudi kesho yake kumuuliza tunafanya nini tena nayo. Akasema hakuna, hiyo ndiyo imekwisha, haina la zaidi. Wewe ulikaa mapajani mwake likizo nzima mkihesabu wageni. Mlikuwa mnachekea kule uani, mimi nasikia. Ulikosa watatu akakurudisha mwanzo, na nyote wawili mkafurahi kwamba mnaanza upya. Nilikuwa na miaka kumi nikatamani yangu iwe na wageni wengine hata wawili, ili Baba akae na mimi siku mbili.

Basi usiniambie nani alipata nini.

Na mpaka leo ni wewe unayemnyoa. Anataja namba yangu, sawa, lakini kidevu chake kiko mikononi mwako. Mimi nikipiga simu ananiuliza, "Nani mwenzangu?" Unadhani hilo linapita hivi hivi tu? Siku hiyo nilishuka ngazi zote kwa miguu, na mimi ndiye fundi wa lifti.

Nakuomba, Kiwembe. Siamuru, naomba. Baba akimaliza ya mwanao hatakuwa na nguvu ya nyingine, mimi na wewe tunalijua hilo. Mwanao atabaki na Baba na namba yake. Wangu hatakuwa na chochote kutoka kwa babu yake, hata tarakimu moja. Nimeambatanisha picha yake, pengo linaonekana. Mwonyeshe Baba. Msomee barua zangu.

Kaka yako


15 Juni

Kaka, shikamoo.

Poleni na joto, nimesikia huko limezidi. Hapa mvua imekatika. Mwanangu kapandishwa mstari wa mbele darasani kwa sababu alikuwa haoni ubao, nasi tulidhani ni uvivu. Nimempeleka kupimwa macho. Shemeji yako hajambo, nadhani.

Namba imetoka.

Ilimchukua Baba zaidi ya miezi minne. Alitumia karatasi zangu za kukatia mitindo, anageuza upande wa nyuma, anazidisha, anafuta, anazidisha tena. Kuna siku alilia kwa sababu alisahau alikuwa amebeba ngapi. Kuna siku alinifukuza chumbani kwa ukali kabisa, halafu baada ya muda akaniita kuniuliza kama chakula kimeshaliwa. Mwanangu alikuwa anamchongea penseli na kumshikia karatasi isiteleze. Jumanne iliyopita, mchana, nikiwa napindisha mikono ya shati, nikasikia Baba anasema kwa sauti yake ile ya darasani, "Njoo uandike." Akamtajia tarakimu moja moja:

9,363,584.

Na sentensi yake: "Jumlisha wageni wake wote, yenyewe usiihesabu."

Mwanangu akauliza halafu ifanyweje. Baba akasema, "Halafu utaona." Akaweka penseli juu ya meza. Tangu siku hiyo hajaishika. Jana nilimwekea mkononi, akakorogea chai.

Kwa hiyo pole. Namsikitikia binti yako, kweli, ni damu yangu. Kama nilimsomea Baba barua zako au sikumsomea, sasa haisaidii. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wahenga walivyosema, na mimi siye niliyekuzuia kuwepo. Namba ni ya mwanangu. Nimekuandikia ili uijue kama mjomba wake, wala si kwa ajili ya kuigawa.

Kiwembe


9 Julai

Kiwembe,

Hongera kwa mwanao, na pole kwa macho. Mwambie mjomba wake naye alivaa miwani darasa la tatu akaitwa Chura mpaka darasa la saba, na hakufa. Wifi yako anakusalimu. Anasema mimi na wewe ni wapumbavu wawili wenye baba mmoja. Simwelewi vizuri, lakini nimefikisha.

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza niliikunja nikaiweka mfukoni mwa ovaroli, sikutaka kuiona. Nikazunguka nayo wiki nzima. Kisha siku moja umeme ulikatika nikiwa kwenye chumba cha mashine, hakuna la kufanya, nikageuza boksi la vipuri nikaanza. Ni wivu ulionianzisha, sikufichi. Nilitaka kuona hiyo namba ya mwanao ina nini cha kujivunia.

Niliigawa kwa mbili. Ikakubali mara saba, ikabaki 73,153. Hapo ikagoma. Nikaipiga kwa tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu, nikaendelea kupanda, umeme ukarudi, nikaushusha mwenyewe nimalizie. Ikavunjika kwenye 191. Upande wa pili ni 383, na hiyo haivunjiki. Nikapanga wageni wake wote nikawajumlisha kama Baba alivyosema, yenyewe nikaiacha nje. Nilipata 9,437,056.

Basi. Namba nyingine tu. Nikasema moyoni, Baba kazeeka, hii haina kitu. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikashuka.

Lakini ile "halafu utaona" haikuniachia usingizi. Kesho yake nikaichukua hiyo ya pili, nikaifanyia vile vile. Nayo inakubali mbili mara saba, inabaki 73,727, na hiyo nimehangaika nayo wiki nzima kila mapumziko ya chakula, haivunjwi na kitu. Nikajumlisha wageni wake, yenyewe nje.

Kiwembe, inarudi 9,363,584.

Nimefanya mara tatu. Nimempa kijana wa ofisini mwenye mashine ya kuhesabia, hakuniuliza kwa nini. Ni kweli. Wageni wa hii wakikusanyika wanaijenga ile, na wageni wa ile wakikusanyika wanaijenga hii. Baba hakutoa namba moja. Alitoa mbili, moja akaitaja, nyingine akaiacha ndani yake. Miezi minne alikuwa anatafuta za watoto wawili.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya mafuta nikalia. Ovaroli ni chafu hata hivyo.

Sasa nijibu swali moja. Wewe ulihesabu wageni 768 ukiwa na miaka saba. Mwanao kapewa sentensi ya kujumlisha. Usiniambie hukujumlisha.

Kaka


30 Agosti

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima. Miwani ya mwanangu imefika, anatembea akiinua miguu juu kwa sababu anasema ardhi imesogea karibu. Muhula umefunguliwa, sare zimekwisha chumbani kwa Baba, na sasa anazitafuta. Anauliza watoto wamekwenda wapi.

Nimechelewa kwa sababu nimeandika barua hii mara nne na zote zilikuwa na uongo mdogo mdogo. Hii haina.

Nilijumlisha. Jumanne ile ile, shati likiwa bado chini ya sindano. Sikumsubiri mtoto. Nikafuata hesabu za Baba kwenye zile karatasi za mitindo, nikaipata ya pili, nikaigeuza, ikarudi ya kwanza, na kabla chai ya Baba haijapoa nilikuwa nimeshajua alichokifanya. Kwa sababu barua zako nilimsomea, Kaka. Zote, mwisho wa Aprili, siku moja ambayo maneno yako ya likizo ile yalinichoma nikaona aibu. Nikamwekea na picha. Aliiangalia sana, akaweka kidole kwenye pengo. Akasema, "Wawili. Na mimi nguvu ninayo ya moja." Kisha akafuta yote aliyokuwa ameyaandika tangu Februari, akaanza upya. Hapo ndipo alipokuwa akilia kwa kusahau. Mimi ndiye niliyekuwa nampangusa, na nilijua anamlilia nani.

Kwa hiyo nilikuwa nayo namba ya binti yako mkononi tangu siku ya kwanza, nikakuandikia pole.

Unataka kujua kwa nini. Nilipima. Ya binti yako ni kubwa kuliko ya mwanangu, nikasema unaona, hata sasa. Ya mwanangu ina wageni thelathini na wawili, ya binti yako kumi na sita tu, nikasema unaona tena, wangu ndiye atakayeliwa vipande. Nilikuwa nafanya hesabu hizo na machozi yananidondokea kwenye kola ya mtoto wa watu. Miaka yote nimegawana na wewe kila kitu, wewe ukiwa mbali na mimi nikiwa hapa. Baba mwenyewe nimegawana na wewe, na wewe ndiye unayetajwa asubuhi. Nilitaka kitu kimoja tu ndani ya nyumba hii kisigawanywe na wewe. Basi hicho tu. Nikakishika, nacho kumbe tayari kilikuwa nusu.

Hataji tena namba yako, ujue. Ina wiki tatu sasa. Ninamnyoa bila namba yoyote. Siku ya kwanza nilifurahi, nakwambia ukweli wangu mbaya, nilifurahi mpaka nikamaliza shavu moja. Kufika shavu la pili nikajiona mpweke kuliko nilivyowahi kuwa, maana hata yule niliyekuwa namwonea wivu hayupo tena chumbani.

Njoo na mtoto. Usiangalie likizo, njoo. Hatakujua, na mimi hanijui. Tutakuwa sawa mbele yake kwa mara ya kwanza, na nataka ulione hilo ukiwa umesimama pembeni yangu, nisilione peke yangu.

Mwanangu nimemweleza. Alifikiri kidogo, akasema basi inabidi amwandikie mwenzake, kwa sababu yake bila ya mwenzake haijaisha. Sikumfundisha maneno hayo. Barua yake imo ndani ya hii, usiifungue, si yako.

Na hii mpe binti yako. Nimeiandika mwenyewe, kwa kuwa mkono wa babu yake hauwezi tena:

9,437,056. Jumlisha wageni wake wote, yenyewe usiihesabu.

Mwambie imetoka kwa babu yake. Na wewe ujue kwamba ni kubwa kuliko ya mwanangu, na hilo bado sijakusamehe.

Mdogo wako,
Kiwembe